Taasisi ya utafiti inataka kushirikiana nasi kwenye data za afya: tusiuze kangomba

MzeeWaMuhtasari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi nipo kwenye moja ya halmashauri za Mtwara, kazi yangu ni takwimu za afya. Kila mwezi ikifika tarehe 7, mimi ndiye ninayewapigia waganga wafawidhi kuuliza taarifa iko wapi, na wao ndio wale ambao simu zao huishiwa chaji tarehe 7.

Wiki iliyopita tumeletewa rasimu ya hati ya makubaliano. Taasisi moja ya utafiti wa kisayansi (siitaji, bado tunazungumza) inataka kushirikiana na halmashauri kwa miaka 3 kuboresha usimamizi wa data za afya ya jamii. Italeta seva, vishikwambi, mafunzo na vijana wawili wa kukaa ofisini kwetu. Sisi tutaifungulia data za vituo vyote. Nimewekwa kwenye kamati ya kuipitia rasimu. Wajumbe wenzangu wameshaanza kuulizana posho za mafunzo, mimi nimebaki na karatasi 14 na kalamu nyekundu.

Siwapingi watafiti, na huku kusini si wageni kwetu. Wenye umri wetu mtakumbuka mwaka 2007 Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipita nyumba kwa nyumba kwenye wilaya tano za Lindi na Mtwara na vile vikompyuta vya mkononi, simu janja hazijazoeleka. Uchambuzi mmoja uliotokana na kazi ile ulichukua kaya 226,000. Ukaonyesha jambo ambalo kila mkunga wa huku alikuwa analijua, ila hakuwa na namba yake. Vifo vya akina mama vilivyosababishwa moja kwa moja na uzazi, kwa waliokaa ndani ya kilometa 5 kutoka hospitali vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa waliokaa zaidi ya kilometa 35 vilikuwa 422. Karibu mara nne! Ukiwa na namba kama hiyo unaingia kikao cha bajeti kifua mbele, unaomba gari la wagonjwa na mtu anakusikiliza.

Ila chapisho lenyewe lilitoka 2015. Sayansi ina mwendo wake, sigombani nao. Bajeti yetu inapangwa kila mwaka.

Sasa njooni kwenye data zetu wenyewe. Mwezi uliopita nilikwenda kukagua zahanati moja. Nikafungua kitabu namba 12 cha MTUHA (vile vitabu vya wizara vya kumbukumbu za vituo), kile cha wanaojifungua, nikaweka rula kwenye safu ya uzito wa mtoto. 3.0, 3.0, 3.5, 2.5, 3.0, 3.5, 3.0, 2.5. Ukurasa mzima hivyo, nikafunua wa pili, hivyo hivyo. Hakuna 2.7, hakuna 3.2, hakuna 2.4. Watoto wa kijiji kile wanazaliwa kwa nusu kilo nusu kilo kama sukari ya dukani. Nikamtazama muuguzi, naye akatazama dirishani. Data zinapikwa mchana kweupe, halafu mimi nazipandisha kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zinageuka grafu ya rangi nne, mkoani wanapiga makofi.

Wa huku mnaijua kangomba. Mtu ana shida msimu haujafika, anatokea mwenye kibakuli chake, bei ya kutupa, wanakubaliana. Korosho zikiiva si zake tena. Naogopa tunakwenda kusaini kangomba ya data: tunapewa vishikwambi leo, mavuno yanakwenda kuanikwa kwingine.

Waliowahi kukaa kwenye ushirikiano wa namna hii, tuandike nini kwenye hiyo hati?

Mtani wa Newala

Nakaa kiti cha mbele.

Ushirikiano wa hivi uliwahi kufika kwa majirani zetu, mradi wa EQUIP. Tandahimba ndiyo waliofanyiwa kazi. Sisi Newala tukawekwa kuwa wilaya ya kulinganisha, yaani wenzetu wanapakuliwa ubwabwa, sisi tunapimwa njaa. (Watani wa Tandahimba, najua mpo humu.)

Utani pembeni, kitu kimoja walikipatia. Walikuwa wanakusanya data mfululizo, kwenye kaya na kwenye vituo, na hazikwenda kulala. Zilitengenezwa kadi za taarifa, namba chache na picha, zikarudishwa kwa wilaya, kwa vituo mpaka kwa watu wa vijijini waliojitolea. Wanakaa, wanachagua tatizo moja, wanajaribu badiliko moja, wanapima tena. Mojawapo ya yaliyopanda Tandahimba ni mama kuchomwa sindano ya kuzuia kutoka damu ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Dakika moja, wakuu. Ni suala la sindano kuwa imeshavutwa tayari kabla kichwa hakijatoka, siyo suala la seva.

Kwa hiyo kwenye rasimu yako tafuta sehemu moja tu: data zikishachambuliwa zinarudi kwa nani, na baada ya siku ngapi.

Posho_Kwanza

Mkuu hujasema posho ya mafunzo ni shilingi ngapi.

Bibi_Leba

Mzee wa muhtasari shikamoo, na pole na kalamu nyekundu.

Mimi ni mkunga, mwaka wa 19 huu, zahanati ya ndani ndani upande wa Lindi. Siyo hiyo uliyoikagua, lakini kitabu changu ukikifungua utakuta 3.0 zimejipanga vile vile. Sasa ngoja nikueleze muuguzi mwenzangu alikuwa anatazama nini dirishani.

Saa tisa usiku upo peke yako. Umeme umekatika, tochi ya simu umeibana shingoni. Mtoto katoka hajalia, unamkausha, unamsugua mgongo, unafikia mfuko wa kumpulizia hewa. Mama naye huku damu hujaridhika nayo. Mtoto akilia unamshukuru Mungu, unamweka kwa mama yake, unarudi kwenye kondo la nyuma. Uzito unakuja kupimwa baadaye, kwenye mizani ya sindano iliyopata kutu, ambayo vistari vidogo vilifutika zamani, vimebaki vya kilo na nusu kilo. Sindano inatetemeka maana mtoto anarusha miguu. Unasoma ulichoona. Kitabu unakijaza asubuhi, jua limetoka, kwa kukumbuka. Hapo niandike 2.7 nimeitoa wapi? 2.7 ndiyo ingekuwa uongo!

Hiyo wewe unaiita kupika. Sawa.

Ila na mimi nitakubali kosa letu moja, kwa sababu linaniuma. Mtoto wa 2.4 tukimwandika 2.5 tumemtoa kwenye kundi la wanaozaliwa na uzito mdogo, chini ya 2.5. Kwenye muhtasari wako hayupo. Na mbaya zaidi, pale zahanati anahesabiwa mzima, mama haelekezwi kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, haambiwi arudi mapema. Siku ya tano unasikia kijijini wamezika. Kitabu kinaendelea kusema 2.5.

Tena mtu wa korosho asinicheke. Mizani ya chama cha msingi ikikosea robo kilo mnasimamisha foleni, mnaita mwenyekiti, nusura mpigane. Ya mtoto wangu ikikosea robo kilo hakuna hata anayeuliza mizani ilinunuliwa mwaka gani.

Na hao vijana wawili wa kukaa ofisini: kwa nini wasije kukaa huku wiki moja moja? Wakija wahesabu. Mama akija hudhurio la kwanza la ujauzito, taarifa zake naziandika kwenye kadi yake, kitabu namba 6, kitabu cha maabara, daftari la dawa, na kama kuna mradi basi na daftari la mradi. Mara tano hajashuka kitandani. Mwisho wa mwezi nakaa na vijiti, vinne na mkato, vinne na mkato, mpaka macho yanawaka, ndipo nahamishia kwenye fomu ya muhtasari. Halafu tarehe 7 unanipigia wewe.

Na simu kweli huwa haina chaji.

KimyaKimya

Huu uzi uwekwe juu kabisa.

DataSiMaji

Wadau, tatizo mnalizungusha. Mimi ni mtengeneza programu, nipo Dar. Suluhisho ni kuondoa karatasi. Kishikwambi kina masharti ndani yake: ukijaza uzito wa kilo 30 kinakataa, ukiruka safu kinakataa, muhtasari kinapiga chenyewe. Vijiti vinakufa siku hiyo hiyo. GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa vituo vya afya, ipo na inafanya kazi kwenye vituo vingi, hiyo taasisi iwasaidie kusukuma mpaka zahanati za chini. Tunahangaika na rula na kalamu nyekundu karne hii?

Bibi_Leba

Mwanangu, kishikwambi kitaikubali 3.0. Haina kosa lolote.

DataSiMaji

😂 Mama umenimaliza. Hoja imepokelewa.

Ila vijiti vife. Hapo sirudi nyuma.

Bibi_Leba

Vijiti vife hata kesho. Ninachokikataa ni vijiti na kishikwambi vyote viwili pamoja. Tulishafanyiwa hivyo: karatasi ziendelee "kwa muda" mpaka mfumo uzoeleke. Muda haukuisha, mfumo ndio ulioisha.

Korokoro wa Masasi

Mimi ni wa kukataa moja kwa moja. Wanakuja na gari kubwa, wanaondoka na shahada za udaktari wa falsafa, sisi tunabaki na fulana.

Mnajua neno chikungunya limetoka wapi? Hapa hapa. Mlipuko wa 1952, uwanda wa Makonde, watu wanaumwa viungo mpaka wanatembea wamejikunja. Wenyewe Wamakonde ndio waliouita hivyo, kile kinachokunja. Watafiti Robinson na Lumsden wakaandika, majarida yao yakatoka 1955, na leo kuanzia Réunion mpaka Brazil dunia nzima inatamka Kimakonde kila ikipata homa. Sisi tumepata nini? Jina.

MzeeWaMuhtasari

Korokoro, nakuelewa, lakini mfano wako unaweza kukugeuka. Waliotembea uwandani miaka ile waliangalia watu wanavyoishi. Juu kule hakuna mito, maji yanafuatwa mbali na kuwekwa ndani kwenye mitungi, na mbu wa ugonjwa ule anapenda maji kama hayo ya ndani ya nyumba. Hiyo ni taarifa ambayo mpaka leo bwana afya wa Newala anaweza kuitumia. Kasoro ni kwamba iko kwenye jarida la Uingereza badala ya kuwa ukutani pale ofisini kwake. Hili ndilo ninalotaka tulifunge kwenye hati.

Mama wa Mbekenyera

Korokoro usitake kutufungia mlango na sisi. Mimi nipo Ruangwa. Julai 2022 kata yetu watu walikuwa wanapata homa, kichwa, mwili kuishiwa nguvu, na damu inatoka puani. Tuliogopa, nisifiche. Majina ya kutisha yakaanza kutajwa, Ebola, Marburg. Wengine wakaanza kutazamana, nani kamfanyia nani nini.

Zahanati ikatoa taarifa juu, sampuli zikachukuliwa, Ebola hakuna, Marburg hakuna, UVIKO hakuna. Ikaja kujulikana ni homa ya mgunda, inatokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, ukichanganyika na maji au udongo. Hesabu iliyotangazwa na wizara ilikuwa wagonjwa 20, vifo 3. Ikishajulikana ni hiyo, dawa zake ni za kawaida kabisa, zipo.

Kwa hiyo mimi ninachosema, mganga wa zahanati macho anayo, maabara hana. Wasomi maabara wanayo, ila hawapo Mbekenyera usiku. Mkikataana nani atatuambia tunachougua?

Kaka Rufiji

Nipite haraka. Rufiji na Morogoro Vijijini, miaka ya 1990 kuelekea 2000, kulikuwa na mradi wa TEHIP. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa timu za afya za wilaya picha ya nini kinaua watu wao, kutoka kwenye ufuatiliaji wa kaya, ili bajeti ifuate ugonjwa. Fedha za nyongeza zilikuwa kidogo mno, dola moja au mbili kwa kichwa. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka mitano hivi. Sisemi ni data peke yake, kulikuwa na mengine. Lakini aliyekuwa anaisoma ile grafu ni mganga mkuu wa wilaya mwenyewe, akiwa na bajeti mkononi.

Mwana wa Nanyamba

Hebu na suala la kigawanyo, ile idadi ya watu tunayogawia, liwekwe mezani maana hakuna anayeligusa. Mimi nafanya chanjo, kituo kipo karibu na mto Ruvuma. Kila robo mwaka naitwa kujieleza kwa nini uchanjaji wangu umezidi asilimia 100. Yaani nimechanja watoto wengi kuliko waliopo duniani.

Sijapika. Juu ya mstari kuna watoto niliowachanja. Chini ya mstari kuna makadirio ya watoto yaliyotokana na sensa, na makadirio hayajui kwamba mama wa ng'ambo ya mto akivuka na mtoto mgongoni siwezi kumwambia rudi Msumbiji na surua yako. Msimu wa korosho napo watu wanahamia mashambani miezi mitatu, huku kwangu wanajaa, kituo walikotoka kinaonekana kimelala. Jirani yangu naye anaitwa kujieleza kwa nini ana asilimia 60. Tunakutana kwenye korido ya halmashauri, wote wawili tumevaa mashati ya kuombea msamaha.

Sensa ya 2022 ilihesabu Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Kwa mkoa hiyo namba inatosha. Ukiikata mpaka kijiji changu inaanza kudanganya. Hapo ndipo mwanasayansi ananisaidia kweli: aniambie watu wangu ni wangapi mwezi wa tano na wangapi mwezi wa kumi na moja. Nikipata hicho, vishikwambi wakae navyo.

Posho_Kwanza

Kumbe mnajua vingi hivi, mbona vikaoni mnakaa kimya?

Mwana wa Nanyamba

Vikaoni kuna muda wa maswali mawili, na moja huwa lako la posho.

Wakili wa Kibarazani

Mzee wa muhtasari, hiyo rasimu sijaiona, ila nimeona nyingi za aina yake. Mambo matatu.

Usikubali kuboresha mfumo na kufanya utafiti viwekwe aya moja. Kuboresha utunzaji wa takwimu ni kazi ya halmashauri, taasisi inakusaidia. Utafiti kwa binadamu ni mlango mwingine, una kibali cha maadili, kwetu NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndiyo inayosimamia hilo kitaifa. Rasimu nyingi zinasema kwa lugha laini kwamba taasisi "itatumia data kwa madhumuni ya ushirikiano na mengine yanayohusiana". Hayo "mengine yanayohusiana" yapige kalamu. Kila utafiti uje na ombi lake na kibali chake.

La pili ni seva. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, ina Tume yake, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Uliza seva itakaa wapi, nani ana nywila, na siku mkataba ukiisha nakala zinafutwa au zinabaki kwao. Wakikujibu "tutaliangalia", ujue hawajaliangalia.

La tatu watu hulidharau. Watakwambia majina yataondolewa, kwa hiyo hakuna shida. Kijijini jina si chochote. Chukua mstari mmoja wa kitabu namba 12: umri miaka 44, mimba ya tisa, mapacha, tarehe, zahanati. Jina limefutwa. Muulize muuza maandazi pale nje, atakwambia ni nani, na mume yuko wapi. Kwa hiyo kinachotoka kituoni kwenda kwenye mikono ya watafiti kiwe jumla, au kiwe kimepunguzwa makali, umri kwa makundi, tarehe kwa mwezi.

Sijakutoza, ukipita Mikindani uniletee samaki.

Korokoro wa Masasi

Haya, mimi nimelegea kidogo. Kidogo. Ila fulana sivai.

MzeeWaMuhtasari

MREJESHO

Wakuu, siku 12 zimepita, samahani kwa ukimya.

Kwanza nilirudi kwenye ile zahanati. Maneno ya Bibi_Leba hayakuniacha nilale vizuri. Njiani nikanunua sukari pakiti mbili za kilo moja moja, zimefungwa kiwandani. Nikamwomba muuguzi anitolee mizani ya leba, nikaziweka pakiti mbili kwenye kile kitambaa cha kuning'iniza. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikasimama karibu kabisa na 2.5. Nikazitoa, sindano haikurudi kwenye sifuri. Tukarudia mara tatu. Yule dada hakusema kitu, na mimi sikuwa na la kusema. Kwa hiyo mtoto wa kilo 2 na kidogo pale amekuwa akiandikwa 2.5 kwa sababu ndicho mizani ilichosema, na mimi nilikuja na rula kumwita mpishi. Nilimwomba radhi. Sukari nikamwachia, maana kuirudisha dukani ningeeleza nini.

Kikao na taasisi kilikuwa juzi. Niseme ukweli walikuja watu waungwana kuliko rasimu yao. Aya ya "mengine yanayohusiana" imeondoka bila ubishi, kila utafiti utakuja na kibali chake. Seva itabaki nchini. Nakala baada ya miaka 3 bado tunavutana: wao wanataka wabaki nazo kwa ajili ya kuthibitisha machapisho, sisi tunataka zibaki jumla tu. Limekwenda kwa wanasheria.

Kuhusu kurudisha data, nilitaka siku 30 baada ya kufunga mwezi, kila kituo kipate karatasi moja ya Kiswahili yenye vitu visivyozidi vitano. Wakasema siku 30 ni chache. Tumekubaliana 45. Mtani wa Newala, nilitaja ile ya Tandahimba, mmoja wao akacheka akasema alikuwepo.

Vitabu vya MTUHA hatuwezi kupunguza, ni vya wizara, hilo hata wao hawana mamlaka nalo. Tulichopata ni kwamba mradi hautaleta daftari lake hata moja. Watachota kwenye vilivyopo. Vishikwambi vitaanza vituo 4, na kituo kikianza kishikwambi kazi ya vijiti inahamia kwa wale vijana wawili, siyo kwa muuguzi. Watapanda pikipiki wakahesabu wenyewe, angalau miezi mitatu ya mwanzo. Mmoja alitazama viatu vyake nilipolisema hilo. Atazoea.

Hesabu ya watu ya Nanyamba wameipenda kuliko yote. Walibaki wanachora kwenye ubao mpaka chai ikapoa.

Mizani ndiyo iliyoleta kazi. Nilipoomba mizani za leba ziingie kwenye bajeti, mwenye fedha wao akauliza mizani inahusiana vipi na mradi wa data. Nikatoa simu nikaonyesha picha ya ule ukurasa, safu ya uzito tu, mengine nimeziba. Mtakwimu wao mmoja, mama mtu mzima, akaitazama kwa muda akasema sisi tukipokea data za uzito wa watoto, mlundikano kwenye nusu kilo ndicho kitu cha kwanza tunachokitafuta. Akageuka kumwambia mwenye fedha, kama hununui mizani basi usinunue na seva. Wakaandika "litatafutiwa fungu". Mnaijua hiyo lugha. Sitasaini mpaka fungu lipate jina.

Posho_Kwanza, posho ni ya kiwango cha serikali. Pole.

Wakati tunasubiri, nimepekua stoo yetu nikakuta mizani 3 za kidijitali za watoto wachanga, zimo kwenye maboksi yake tangu mradi fulani wa zamani, hazijawahi kutoka. Hazina betri. Ni zile betri bapa za duara kama sarafu, kila moja inataka mbili. Nimezunguka maduka ya simu Mtwara mjini nimekosa. Mwenye kujua zinapouzwa?

Bibi_Leba

Kwa wauza simu hutazipata. Nenda sokoni kwa fundi saa, beba na mizani yenyewe azijaribishe. Na moja uniwekee.